Kutu ya Uongo

Watu wengi hudhani kuwa uchafu hauhitaji elimu. Usafi hufundishwa, uchafu huja wenyewe. Hapana mtoto aliyepelekwa kwa mwalimu ili aonyeshwe namna ya kuchafua kanzu yake, wala chuma hakikupata kusoma ndipo kikashika kutu. Walakini iko kazi moja ya mikono ambayo ndani yake uchafu hauji wenyewe kamwe. Kazi hiyo ni uundaji wa mifano ya kipimo: gari la moshi lililopunguzwa mara 87 hata likakaa kiganjani, ndege iliyopunguzwa mara 72, kifaru cha vita kilichopunguzwa mara 35. Vyombo hivi vidogo havipandi mlima, havinyeshewi mvua, havimwagikiwi mafuta, wala havipiti jangwani. Vumbi pekee livipatalo ni vumbi la kabati. Uchafu wote uonekanao juu yake, tangu masizi ya dohani hata tope la gurudumu, hapana budi ufanywe na mkono wa mtu kwa rangi na burashi. Na maadamu wafanywa na mtu, waweza kuwa wa kweli, na waweza kuwa wa uongo.

Huko Uingereza, Marekani, Ubelgiji, Uhispania na Japani, kazi hii ina mafundi wengi, ina majarida yake, na ina mashindano yenye waamuzi na nishani. Tangu miaka ya 1940 mafundi hao wamekuwa wakibishana juu ya uchafu. Mtu apitaye njia aweza kucheka akisikia kwamba watu wazima wamegombana juu ya rangi ya tope lililo juu ya gurudumu dogo kuliko kifungo cha shati. Akikaa akasikiliza, ataona kuwa ugomvi huo wahusu ushahidi. Mfano wa kipimo ni habari itolewayo juu ya kitu kilichokuwako duniani. Umbo lake hueleza jinsi kitu hicho kilivyoundwa. Uchafu wake hueleza jinsi kilivyofanya kazi, mahali gani, kwa muda gani, na mikononi mwa nani. Kwa sababu hiyo, uchafu uliopakwa bila kuulizwa asili yake ni ushahidi wa uongo, na uzuri wa ushahidi wa uongo haujapata kuugeuza kuwa kweli.

Ugomvi huu una pande tatu, na kila upande una kosa lake. Wa kwanza ni wapenda usafi. Hao husema kwamba mfano huundwa ili kuonyesha ustadi wa fundi, na kwamba uchafu huficha ustadi kama vile baibui lifichavyo mshono mbaya. Injini, wasema, ilitoka kiwandani iking'aa. Yatosha ionyeshwe iking'aa. Hoja hii ina nusu ya haki. Ni kweli kwamba fundi mvivu hujificha nyuma ya tope, na kwamba mahali palipopasuka gundi pameponywa mara nyingi kwa kutu iliyopakwa juu yake. Lakini haki hiyo ya nusu haifiki mbali. Injini hukaa kiwandani kwa miezi, na kazini kwa miaka 30 au 40. Anayeionyesha daima katika siku yake ya kwanza ni kama mwandishi wa maisha ya mtu mkuu ambaye huandika juu ya arubaini yake, akanyamaza juu ya yote yaliyofuata.

Tena wapenda usafi hudanganywa na picha wazitumainizo. Viwanda vingi vya injini za mvuke vilikuwa na desturi ya kuipaka injini mpya rangi ya kijivu kwa ajili ya mpiga picha tu, ili kila msumari uonekane vizuri, kisha kuipaka rangi yake ya kazi. Picha hizo za kijivu zimo vitabuni hata leo. Hivyo fundi aliyejifunga kuiga usafi wa picha ya kiwandani huiga vazi ambalo injini haikulivaa hata siku moja njiani.

Aliyeuvunja ufalme wa usafi huko Marekani alikuwa John Allen, aliyezaliwa mwaka 1913 na kufa mwaka 1973. Kazi yake ilikuwa upigaji picha, na jicho lake lilikuwa limezoea kutazama jinsi mwanga uangukavyo juu ya vitu. Katika nyumba yake ya Monterey, California, aliunda reli ndogo aliyoiita Gorre & Daphetid, jina ambalo likitamkwa Kiingereza husikika kama mtu asemaye kwamba amelowa damu na ameshindwa. Mzaha ulikuwa katika jina. Katika kazi hapakuwa na mzaha. Mabehewa yake yalikuwa yamefifia kwa jua, paa za majengo yake zilikuwa na masizi, mbao zake zilikuwa zimepauka. Picha zake zilipotoka katika majarida, wasomaji waliona kwa mara ya kwanza reli ndogo iliyofanana na mahali ambapo watu huishi na kuchoka. Siku chache baada ya kufa kwake, moto uliteketeza sehemu kubwa ya reli ile. Zilibaki picha, na likabaki fundisho: kitu kisicho na alama ya wakati hakina maisha.

Baada ya Allen fundisho hilo lilipita katika sinema. Derek Meddings na wenzake huko Uingereza walichafua vyombo vidogo vya mchezo wa televisheni uitwao Thunderbirds, ulioanza kuonyeshwa mwaka 1965, ili visionekane kama vitu vya kuchezea watoto. Mwaka 1977 mafundi wa filamu ya Star Wars walifanya zaidi: walivipaka vyombo vya angani mafuta, masizi na mikwaruzo, kana kwamba vimesafiri miaka mingi na kutengenezwa mara nyingi kwa vipande vya kuokota. Vyombo vile havikuwako popote, wala safari zile hazikusafiriwa na mtu. Hata hivyo watazamaji waliamini, kwa kuwa macho huamini doa kabla ya kuamini umbo.

Hapo ndipo hatari ilipo, na wapenda usafi wamekosa kuiona kwa kuwa walikuwa wakigombana juu ya jambo jingine. Ikiwa uchafu una nguvu ya kuthibitisha jambo ambalo halikuwako, basi nguvu hiyo hiyo yaweza kuthibitisha uongo juu ya jambo lililokuwako. Mtunga hadithi ana ruhusa ya kubuni. Hakuna aliyeudhika kwa mafuta yaliyomwagika juu ya chombo cha ndotoni. Lakini aliyeandika chini ya mfano wake jina la injini, namba yake na mwaka wake ameacha kuwa mtunga hadithi. Amekuwa shahidi, na shahidi hana ruhusa hiyo.

Upande wa pili ni wapambaji, na leo hao ndio wenye nguvu. Wao walishinda wapenda usafi, kisha wakalewa ushindi. Wamevumbua njia nyingi, na njia zenyewe ni nzuri. Rangi ya mafuta iliyozimuliwa kwa tapentaini huachwa itiririke katika mishono ya bati, ikaonyesha kina. Burashi iliyopanguswa hata ikakaribia kukauka hupitishwa juu ya kingo, ikaacha mng'ao pale palipochakaa. Rangi ya kutu hupakwa kwanza, juu yake hupulizwa dawa ya kulaza nywele, kisha rangi ya juu. Halafu fundi hulowesha kidogo na kusugua, rangi ya juu ikabanduka vipande vipande kama ibandukavyo katika bati la kweli. Wengine hutumia punje za chumvi kwa kazi hiyo hiyo. Hakuna katika hayo lililo baya. Ubaya huanza pale njia inapokuwa ndiyo sababu: fundi amejifunza kufanya kutu, basi kila kitu chake kina kutu, amejifunza kufanya michirizi, basi kila ubavu wa chombo chake unalia machozi.

Matokeo yake yaonekana katika mashindano. Ndege ambayo ngozi yake ilikuwa ya alumini huletwa ikiwa na kutu nyekundu, ilhali alumini haishiki kutu ya namna hiyo; ikiharibika hutoa unga mweupe au wa kijivu. Kifaru ambacho hakikumaliza mwaka mmoja vitani huletwa kikiwa kimemenyuka magamba kama nanga iliyozama tangu enzi za Wareno. Chuma kilichokwaruzwa hupata wekundu mwepesi kwa siku chache. Kutu ya magamba hutaka miaka ya kutelekezwa, na chombo cha vita hakina nafasi ya kutelekezwa ila baada ya kufa. Minyororo ya kifaru huletwa ikiwa na rangi ya matofali kila mahali, ingawa pale ikanyagapo mawe husuguliwa hata ikang'aa kama fedha. Waamuzi hutazama, husifu wingi wa kazi, hutoa nishani. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Na kutu hii hutembezwa kutoka meza hata meza.

Wapambaji hujibu kuwa wao ni wasanii, na msanii ana uhuru. Na wawe wasanii. Lakini sanaa yoyote ina sheria yake, na sheria ya sanaa hii ni kazi ya kitu chenyewe. Vumbi hutua juu ya sehemu zinazotazama mbingu. Mvua huliosha na kulishusha, hivyo michirizi huelekea chini, na hukoma pale palipo na kizuizi. Mwendo wa gari husukuma moshi nyuma, hivyo masizi huzidi nyuma ya dohani. Unga wa breki hukaa karibu na magurudumu. Grisi hukaa penye viungo na hukamata vumbi. Chuma cha kushikia mlangoni hubaki kikavu na king'avu kwa sababu kila siku kinapanguswa na kiganja cha mtu. Tena mambo hayo huja kwa zamu: kwanza rangi, kisha jua la kuififisha, kisha mkwaruzo, kisha kutu ndani ya mkwaruzo, kisha vumbi juu ya kutu, kisha mvua juu ya vumbi, na mwisho mkono wa mtu. Fundi anayepaka vumbi kwanza na kukwaruza baadaye ameandika habari ambayo maziko yake yametangulia kuzaliwa.

Upande wa tatu hudhani kwamba umepata dawa ya ugomvi wote. Hao husema: asiyetaka uongo na atumie udongo wenyewe. Huenda mahali injini ilipopita, wakachota kopo la mchanga, wakaunyunyizia mfano. Nia yao ni njema, hesabu yao ni mbaya. Katika kipimo cha 1 kwa 87, mtu mwenye urefu wa mita 1.74 huwa na milimita 20. Punje ya mchanga ya nusu milimita, ambayo ukubwani ni mchanga wa kawaida, chini ya miguu ya mtu huyo ni jiwe la zaidi ya sentimita 4, yaani kiasi cha ndimu. Tone la tope lenye kimo cha milimita 2 limekuwa bonge la sentimita 17. Hivyo udongo wa kweli, uliochotwa mahali pa kweli kwa mkono wa mtu mkweli, umesema uongo. Mtu alipunguza injini, akasahau kwamba ardhi nayo hupungua. Hata rangi hupungua: kitu kidogo kilichopakwa weusi kamili huonekana cheusi kupita kiasi, kwa sababu kitu kikubwa hutazamwa kwa mbali, na hewa iliyo katikati hupunguza ukali wa rangi. Fundi mwerevu huongeza weupe kidogo katika masizi yake, naye huwa karibu zaidi na kweli kuliko yule aliyekwenda kukwangua masizi ya dohani. Aliyechukua kitu chenyewe hajachukua kweli yake. Kweli huletwa na kipimo.

Mahali pa udongo wa kuchota pamechukuliwa sasa na udongo wa kununua. Husagwa laini kama wanja, hutiwa katika vichupa, na kichupa hupewa jina. Hapo wapambaji na wapenda udongo wa kweli wamekutana dukani. Majina yaliyo juu ya vichupa hivyo yastahili kusomwa kwa makini: vumbi la Ulaya, udongo wa Urusi, mchanga wa vita vya Ghuba, vumbi la Afrika ya Kaskazini. Bara zima katika kichupa kimoja! Kana kwamba chokaa nyeupe ya pwani ya Kent na udongo mweusi wa Ukraine vimepata kuwa kitu kimoja. Kana kwamba jangwa la mawe na jangwa la mchanga ni ndugu wa tumbo moja. Anayenunua kichupa hununua pamoja nacho ruhusa ya kutouliza. Jina limekwisha kujibu. Naye hufunua kizibo kwa amani ya moyo, akapaka nchi asizozijua juu ya vyombo asivyovichunguza.

Jibu hilo la dukani na lijaribiwe kwa chombo kimoja kilichojulikana sana Afrika ya Mashariki. Kati ya mwaka 1955 na 1956 kampuni ya Beyer, Peacock ya Manchester iliunda injini 34 za aina ya Garratt kwa ajili ya Reli za Afrika Mashariki. Ziliitwa daraja la 59, na kila moja ilipewa jina la mlima wa nchi hizi. Zilikuwa na uzito wa tani zipatazo 250, nazo zilikuwa injini kubwa kupita zote zilizopata kupita juu ya reli ya upana wa mita moja. Mbili kati yake, Mount Gelai na Mount Shengena, zimehifadhiwa katika makumbusho ya reli ya Nairobi. Fundi akitaka kuunda mfano wa injini hiyo katika siku zake za kazi, kichupa gani kitamtosha?

Mpambaji huanza kwa makaa. Injini ya mvuke, adhani, ni makaa. Basi hunyunyiza unga mweusi wa makaa nyuma ya chumba cha dereva. Amekwisha kosa. Garratt hizi zilichoma mafuta mazito, hazikuchoma makaa. Uchafu wa mahali pale ulitokana na mafuta: yalipojazwa yalimwagika kandokando ya kifuniko, yakachirizika, yakakamata vumbi, yakafanya doa linalonata. Katika injini za mafuta, mchochezi hutupa mchanga ndani ya tanuri mara kwa mara ili usugue masizi ndani ya mabomba. Ndipo dohani hutoa wingu jeusi zito, na wingu hilo huangukia mgongo wa injini. Doa la mafuta na doa la makaa hayafanani kwa rangi, wala kwa mng'ao, wala kwa mahali. Asiyejua hayo ameandika juu ya ubavu wa injini kwamba hakuitazama.

Kisha huja vumbi. Injini hizi zilivuta mizigo kati ya Mombasa na Nairobi, safari ya maili zipatazo 330, kutoka usawa wa bahari hata kimo cha zaidi ya mita 1,600. Hapo kwanza pana ardhi ya matumbawe na hewa ya chumvi. Kisha nyika ya Taru. Kisha Voi na Tsavo, ambako udongo ni mwekundu hata ndovu wanaojigaragaza ndani yake huonekana wekundu. Kisha nyanda za Athi, zenye udongo mweusi unaonata wakati wa mvua na kupasuka wakati wa kiangazi. Safari moja ilipita katika rangi tatu au nne za ardhi. Injini iliyofika Nairobi wakati wa kiangazi ilikuwa na tabaka juu ya tabaka, na ile iliyofika wakati wa masika ilikuwa na habari nyingine kabisa. Kichupa cha Afrika hakiujui msimu wala hakiijui Voi.

Lakini kosa kubwa kuliko yote halimo katika makaa wala vumbi. Mpambaji akisikia neno Afrika, mkono wake huenda kwenye kutu. Hajauliza, amekwisha jua. Chombo cha Afrika, kwa fikira yake, ni chombo kilichochakaa, kilichotupwa, kisichotunzwa. Sasa na itazamwe kweli. Garratt hizi zilipakwa rangi ya damu ya mzee. Nyingi kati yake zilikuwa na madereva na wachochezi wake maalumu, waliokabidhiwa injini moja hiyo hiyo safari baada ya safari, na baadhi yao waliitunza kama mtu atunzavyo nyumba yake: walisugua shaba, walipangusa rangi, walikiremba chumba cha kuendeshea. Picha za miaka ile zaonyesha injini zinazong'aa ubavuni huku magurudumu yake yakiwa na vumbi la njia. Wakati huo huo huko Uingereza, nchi iliyoziunda, injini za mvuke zilikuwa zikisahauliwa. Kabla ya mwaka 1914 vijana wasafishaji walizipangusa kila siku, kwani usafishaji ulikuwa ngazi ya kwanza ya kupandia hata mtu akawa dereva. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia vijana wa kazi hiyo walikuwa adimu, na ilipofika mwaka 1968, mwaka ambao mvuke ulikoma katika reli ya taifa la Uingereza, injini zilizobaki zilikuwa zimevikwa masizi, nyingi zikiwa zimevuliwa mabamba ya majina yao. Basi aliye na haki ya kupaka kutu na masizi kwa wingi ni yule aundaye injini ya Lancashire ya mwaka 1968. Aundaye Garratt ya Mombasa na apake kwa adabu, na aache shaba ing'ae, maana mng'ao ule ni jasho la watu.

Hapa wapenda usafi wasifurahi upesi. Injini ile haikuwa safi kwa kuwa ilitoka kiwandani. Ilikuwa safi kwa kuwa asubuhi hiyo mtu aliisafisha. Tofauti ya usafi wa namna hizo mbili huonekana. Usafi wa kiwanda ni sawasawa kila mahali. Usafi wa mkono hukoma pale mkono usipofika: nyuma ya bomba pamebaki weusi, pembe ya kitambaa imeacha duara, ukingo uliosuguliwa mara elfu umepungukiwa na rangi. Fundi awezaye kuonyesha usafi wa mkono amefanya kazi ngumu kuliko kutu zote za mashindano, na huenda asipate nishani, kwa sababu mwamuzi asiyejua ataona kuwa hajafanya kitu.

Wako watakaosema kwamba haya yote ni mchezo, na mchezo haudaiwi kweli. Mtu hurudi nyumbani jioni amechoka, huketi na burashi yake, hujiburudisha. Kwa nini ahojiwe kama mtu aliyesimamishwa barazani? Jibu ni kwamba hakuna anayemhoji mtu katika chumba chake. Lakini mfano hautoki chumbani peke yake. Huwekwa katika majumba ya makumbusho, hupigwa picha kwa vitabu, huonyeshwa watoto wa shule wakaambiwa: hivi ndivyo ilivyokuwa. Injini za kweli zimeyeyushwa chuma chake, madereva wake wengi wamekwisha kufariki, na kizazi kijacho kitaijua enzi ile kwa vitu vya kiganjani. Mchezo ulioachwa peke yake kuwa mwalimu umekwisha kuacha kuwa mchezo.

Na mwalimu huyo ana deni kubwa katika pwani hii. Reli ya kutoka Mombasa hata ziwa la Viktoria ilijengwa kati ya mwaka 1896 na 1901. Waliletwa wafanyakazi wapatao 32,000 kutoka Bara Hindi, na karibu 2,500 kati yao walikufa. Mfano wa injini ya reli hiyo uliong'arishwa na kutiwa ndani ya sanduku la kioo, bila tone la mafuta wala chembe ya vumbi, humfundisha mtazamaji kuwa reli ilijitandaza yenyewe na gari likajiendesha lenyewe. Mfano uliolemewa na kutu ya kununua humfundisha kuwa kazi ya watu wale ilikuwa takataka tangu mwanzo. Mafundisho hayo mawili yaonekana kupingana, lakini yamekutana katika jambo moja: yote mawili yamewaondoa watu. Wahenga walisema ukiona vyaelea, vimeundwa. Wangaliweza kuongeza kuwa ukiona vyatembea, vimetunzwa.

Basi fundi hatakiwi kuacha uchafu, wala hatakiwi kuuzidisha. Atakiwa kuuliza kabla ya kuchovya burashi. Chombo hiki kilifanya kazi gani? Kiliifanya juu ya ardhi ipi, na katika msimu upi? Ni siku ngapi zimepita tangu kilipooshwa? Mkono wa nani ulikigusa, na wapi? Asiyeweza kujibu na asome, atazame picha, aulize wazee waliokuwa reli. Akikosa jibu la sehemu moja, na aache sehemu hiyo wazi. Rangi tupu ni ukimya, na ukimya si dhambi ya shahidi. Na waamuzi wa mashindano, wanaopima wingi wa michirizi kama wauza nguo wapimavyo jora, na wajifunze kuuliza maswali hayo hayo kabla ya kutoa nishani. Siku watakapoanza kuuliza, vichupa vyenye majina ya mabara vitabaki dukani, na doa moja dogo la mafuta, lililowekwa mahali pake kando ya kifuniko, litashinda gunia zima la kutu. Njia ya mwongo ni fupi, hata ikiwa imepunguzwa mara 87.